ULIZA FUNDI: Tapeti za VTEC zinagonga, nizikaze mpaka zinyamaze?

SWALI: Habari fundi. Nina Civic EK yenye injini ya B16A, asubuhi nikiwasha inapiga tik-tik-tik pale juu alafu ikipata moto inapungua. Fundi wa mtaani kwetu hapa Mombasa anasema tapeti zimelegea, atazikaza mpaka zisisikike kabisa, na atafanya injini ikiwa ya moto ili asipoteze muda. Nimpe kazi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa staili hiyo usimpe. Hiyo injini ya VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha ufungukaji wa valvu mizunguko ikipanda) tangu 1989 inatoa farasi 160 kwa lita 1.6 tu bila turbo, mizunguko yake iko juu sana, na kelele ndogo ya tapeti asubuhi ni kawaida yake. Tapeti ndiyo inayosukuma valvu (mlango mdogo wa hewa au moshi wa silinda) ifunguke, na kuikaza ni kupunguza nafasi iliyoachwa kati yao. Ya kuogopa ni tapeti iliyonyamaza kabisa. Valvu ikipata moto inarefuka, sasa kama hukuiachia nafasi inashindwa kufunga vizuri, na valvu ya ekzosti (ya kutoa moshi) joto lake inalitolea pale inapokalia siti yake (ukingo wa tundu inalofunga), isipokaa vizuri inaungua kidogo kidogo mpaka kompreshen (mgandamizo ndani ya silinda) inapotea, na wewe kelele husikii, unaona tu gari imekosa nguvu na ikisimama inatetemeka. Tena kadiri injini inavyotumika valvu inazama kwenye siti na nafasi inazidi kuwa ndogo, kwa hiyo injini inaweza kutulia huku inaharibika.

Vipimo vya nafasi hiyo kwa B16A ni inteki (valvu za kuingiza hewa) 0.15 mpaka 0.19 mm, ekzosti 0.17 mpaka 0.21 mm, na vinapimwa injini ikiwa ya baridi, chini ya nyuzi 38. Ukiseti ya moto namba hizo hazina maana tena, iache ilale usiku kucha mfanye asubuhi kabla haijawashwa. Ila kama kuna mtu alishaweka kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za mashindano fuata vipimo vya aliyezitengeneza, sio hivi.

Toa plagi zote ili krenki (shafti kuu ya injini) izunguke kirahisi, fungua kava ya tapeti, zungusha krenki kinyume cha saa ukiitazama upande wa pulei (B-series ndo inavyozunguka, wengi waliozoea injini nyingine wanakosea hapa) mpaka neno UP kwenye pulei za kamshafti liangalie juu. Hapo unaseti silinda namba 1, ile ya upande wa taiming beliti. Krenki nusu mzunguko unaenda namba 3, nusu tena namba 4, alafu 2. Kwenye kila jozi ya valvu utaona roka tatu (mikono midogo inayosukuma valvu), ile ya katikati ni ya VTEC haina skrubu ya kurekebisha, unagusa mbili za pembeni tu.

Sasa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi). Ya 0.17 kwa inteki iingie na uisikie inakwaruza kidogo ukiivuta, isipite kama haijagusa kitu na isikwame pia. Legeza nati, zungusha skrubu kwa bisibisi, alafu ushikilie bisibisi pale pale wakati unakaza nati, sababu skrubu inafuata nati na kipimo kinahama, ndo maana lazima upime TENA baada ya kukaza. Mafundi wengi wanaruka hiki kipimo cha pili, simama naye ukiangalie kwa macho yako.

SWALI: Na mimi mwenye Impreza WRX yenye injini ya EJ205 nitumie njia hiyo hiyo?

JIBU: Hapana. Hiyo haina skrubu, na kama yako ni ile ambayo kamshafti inakanyaga baketi (kikombe cha chuma juu ya valvu) moja kwa moja, kurekebisha ni kubadilisha baketi yenyewe kwa unene mwingine na lazima kamshafti itoke. Kupima ndo rahisi, pima valvu zote kwanza na uandike kila namba kabla hujafungua chochote. Mfano inteki inatakiwa 0.20 mm, umepata 0.12, basi hapo unatafuta baketi nyembamba kuliko iliyopo kwa 0.08 mm. Toa moja moja na uziweke kwa mpangilio wake, zikichanganyika hesabu zote zimepotea. Na kwa wenye Silvia ya SR20DET mnaouliza kila mara, kama injini ni ya kiwandani tapeti zenu ni za haidroliki (zinajirekebisha zenyewe kwa presha ya oili), hakuna cha kuseti, ikigonga anzeni kwa kuangalia oili.