Walifungwa fainali ya jimbo, mbona wako mashindano ya taifa?

Swali: Mwalimu, niko Edmonton, Kanada. Kazini kwetu kuna dada anacheza kalingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu hadi kwenye shabaha. Anacheza jozi mseto, yeye na mwanamume mmoja. Fainali ya jimbo walifungwa, tukampa pole. Juzi anatuaga eti anakwenda mashindano ya taifa! Hapo hakuna kubebana?

Jibu: Hakuna, ndugu yangu. Mlango wa taifa si mmoja.

Vyama vilivyo chini ya Curling Canada, shirikisho la kalingi la nchi, ni 14: vya majimbo 10, maeneo matatu ya kaskazini, na Northern Ontario, ambayo kiserikali ni sehemu ya Ontario lakini kwenye kalingi inajitegemea, kama Zanzibar kwenye CECAFA. Bingwa wa kila chama ana nafasi yake. Zinazobaki hugawiwa hasa kwa pointi ambazo jozi imevuna kwenye mashindano ya msimu. Mashindano yakiwa na wakali wengi, pointi hunona. Mwaka 2021 zilicheza timu 35. Toa 14 za vyama, uone zinabaki ngapi.

Mlango wa pointi hauulizi kwenu wapi. Waliotwaa ubingwa mwaka huo, pale Calgary, ni Kerri Einarson wa Manitoba na Brad Gushue wa Newfoundland: nusu ya nchi iko katikati yao!

Mimi naona utaratibu huu ni wa haki, maana jozi mseto ni mchezo wa kugeuka ghafla. Kila ngwe, yaani raundi moja ya mechi, jozi inarusha mawe matano tu, na jingine moja limeshapangwa barafuni kabla ya kuanza. Kwa hiyo ngwe moja inaweza kuzaa hadi pointi sita za mechi (si zile za msimu), na mechi nzima ni ngwe nane. Unaongoza kwa nne, jiwe lako la mwisho linapitiliza kidogo, umekwisha. Kumpima mtu kwa wikiendi moja ni kumwonea.

Ila usimpongeze kwa Olimpiki bado. Bingwa wa taifa kwa kawaida huenda mashindano ya dunia. Olimpiki ina mchujo wake wa kuchagua jozi ya Kanada. Einarson na Gushue walikwenda mashindano ya dunia ya Aberdeen 2021, wakaipatia Kanada nafasi ya Olimpiki ya Beijing 2022. Mchujo ukafutwa kwa sababu ya korona, na waliopelekwa ni jozi nyingine, Rachel Homan na John Morris.

Dada yako muulize tu msimu huu walisafiri mashindano mangapi. Pointi zao zilitoka huko.