Mchezaji haombi taimauti

Ndugu, umeuliza kwa nini refa wa mechi yenu ya mpira wa kikapu hapa Bukavu alimpuuza mchezaji aliyekuwa na mpira mkononi akipiga kelele za taimauti (mapumziko mafupi ya timu), sekunde 9 zikiwa zimebaki. Hakukosea. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazochezea Kongo, anayeomba ni kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, tena anaomba kwenye meza ya wanaoandika alama, siyo kwa refa. Ile ya mchezaji kuomba ni ya NBA, ligi ya Marekani. Vijana wetu wanaiona kwenye simu usiku, kesho yake wanaileta uwanjani!

Hata kocha akiomba, meza inasubiri mpira ufe, yaani mchezo ukatike, na saa isimame. Timu iliyofungwa kikapu, kama iliomba mapema, inapewa papo hapo. Aliyefunga hana haki hiyo, na hapa hata makocha wanagombana na meza bure. Nusu ya pili mna taimauti 3, ila ndani ya dakika 2 za mwisho hazizidi 2. Mkizibana zote mpaka hapo, moja imepotea.