Soko linauzwaje sokoni?

Swali: Shikamoo mzee. Nauza ndizi Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi. Kwenye kikoba chetu kuna mwenzetu anasema eti Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lenyewe nalo lina hisa zake, na yeyote anaweza kununua. Sasa soko linauzwaje sokoni? Na nikinunua nitakuwa nimepata kipande cha bia, cha benki, au cha nini?
*Mama Mkungu, Mabibo*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hupati bia wala benki. Unanunua geti.

Hapo Mabibo wewe ndiye unayelala na wasiwasi kama mkungu utapata bei. Mtoza ushuru wa getini hana shida hiyo, yeye anahesabu mizigo. Mwenye hisa za DSE anakaa upande wa mtoza ushuru. Hisa za TBL wa bia au benki ya CRDB zikiuzwa, soko linakata chake, kidogo mno, hakifiki hata asilimia moja ya thamani ya mauzo. Kampuni zilizoorodheshwa nazo hulipa ada ya mwaka. Ila kwenye hisa ushuru hukatwa mzigo ukipata mnunuzi. Ndizi zikikaa mezani mpaka ziive, geti nalo linashinda njaa.

Zamani haikuwa hivi. Biashara ilipoanza Aprili 1998, ikiwa na kampuni moja tu, TOL wa gesi, soko lilikuwa la wanachama na halikuwa na hisa za kumuuzia mtu. Mwaka 2015 likageuzwa kampuni ya hisa, mwaka uliofuata likauza hisa zake kwa umma kwa shilingi 500 kila moja, na tarehe 12 Julai 2016 likajiorodhesha kwenye ubao wake lenyewe. Soko la hisa la Johannesburg lilishafanya hivyo 2006, la Nairobi 2014. Mimi nilijaza fomu nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima. Walioomba walikuwa wengi kuliko hisa zilizokuwepo.

Usiogope kwamba soko linajisimamia lenyewe. Juu yake ipo CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Nina daftari la mistari ninamoandika kila jioni, si bei, bali mauzo ya siku nzima. Kuna siku kampuni moja au mbili ndizo zinabeba karibu kila kitu, na nyingine zina sifuri, sifuri, sifuri. Mwenye geti anakula kwa wingi wa magari, na magari yetu bado yanakuja kwa kubahatisha. Kwa hiyo usiweke mtaji wa ndizi humo. Weka ile pesa ambayo hata mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hutaigusa.

Ukiamua, nenda kwa dalali mwenye leseni akufungulie akaunti ya hisa. Beba kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki, gawio, yaani sehemu yako ya faida, lipate pa kuingia.