Cresta ya marehemu mzee: V8 au 1JZ?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu mzee aliniachia Cresta GX81, injini 1G-FE, gia otomatiki. Bodi haina kutu. Nataka iwe kama yale magari ya Kimarekani ya maguvu: uwanja ukipatikana nishindane mita 402 (robo maili), na mwisho wa wiki niende nayo Nzega kwa mama bila wasiwasi. Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanasema niweke V8 ya 1UZ, wengine 1JZ yenye turbo. Ipi inafaa, na nianzie wapi? Halafu, nitoe saileansa? Msomaji, Isevya, Tabora.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umeniuliza maswali mawili makubwa, na la pili ndilo zito zaidi, ingawa najua la kwanza ndilo linalokunyima usingizi.

Hao Wamarekani unaowapenda hawakuanza kwa kubuni gari jipya. Mwaka 1964 Pontiac walichukua Tempest, gari la kawaida la familia, wakaitia V8 ya lita 6.4 na kuliita GTO. Bodi ya kawaida, injini kubwa kuliko ilivyozoeleka, basi. Ukitazama vizuri, Toyota wenyewe walishafanya jambo hilohilo kwenye Cresta yako. Kuanzia mwaka 1990 bodi hiyohiyo iliuzwa ikiwa na 1JZ-GTE, lita 2.5, turbo mbili, na ikaitwa JZX81. Maana yake mabano ya injini, propela na difu ya kazi hiyo vilitoka kiwandani. V8 ya 1UZ ni injini nzuri, bloku yake ni ya aluminiamu na haina uzito wa kutisha, lakini kwenye GX81 kila kitu utachomelea mwenyewe, na mabomba ya eksozi yatagombea nafasi na usukani.

Kuna na suala la hewa, ambalo wanaobishana vijiweni hulisahau. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 88 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu; turbo huisukumia injini hewa ya ziada. 1UZ ya mwanzo, lita 4, iliandikiwa nguvu za farasi 260. Hapa kwetu tegemea kama 230. Sasa piga hesabu ya turbo. Pwani 1JZ hupata hewa ya kawaida, tuiite 1, ikaongezewa baa 0.7 (baa ni kipimo cha mgandamizo; hewa ya pwani ni kama baa 1): jumla 1.7. Tabora hupata 0.88 na 0.7, yaani 1.58. Imepoteza kama asilimia saba tu, na farasi wake 280 wanabaki kama 260. Kwa hiyo yenye lita 2.5, ambayo pwani inaizidi yenye lita 4 kwa farasi 20, hapa tunapoishi inaizidi kwa kama 30. Weka 1JZ.

Ila usiinunue kwa kusikia mngurumo. Nunua ikiwa kamili: injini, giaboksi, kontroboksi (kompyuta ya injini) na wayaringi yote bila kukatwa, maana wayaringi iliyokatwa itakula siku zako kuliko injini yenyewe. Hakikisha imetoka kwenye JZX (kama hiyo JZX81), kwani umbo la sampo, bakuli la oili chini ya injini, linaweza kutofautiana kwa injini iliyotoka gari lingine. Pima kompresheni silinda zote sita. Moja isiachane na nyingine kwa zaidi ya paundi 14 (psi) hivi. Shika shafti ya kila turbo uitikise. Feni za upande wa moshi kwenye turbo hizo ni za kauri, na mtu akiongeza msukumo kupita kiasi huvunjika. Na hapo nikuombe jambo: uache msukumo wa kiwandani. Injini hii ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Ukiongeza baa juu ya mafuta usiyoyajua, itaanza kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, na pistoni haina subira.

Sasa swali lako la pili. Watu huanza na injini, kisha hela ikibaki ndiyo wanakumbuka rejeta na breki. Hela haibaki kamwe. Wewe anza na vitu hivyo, kwa injini hiyohiyo ya 1G uliyo nayo. Nasema hivi kwa sababu nilishawahi kujiaibisha. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja 1JZ nikamwachia rejeta ya zamani, tukidhani itatosha. Mjini ilitosha. Tulipoitoa barabara ya Nzega, mwezi wa kumi, saa nane mchana, ilichemsha kabla hatujafika, tukakaa chini ya mwembe tukisubiri ipoe huku wenye baiskeli za mkaa wakitupita. Rejeta nene, feni yenye kaplingi (klachi ya feni) nzima isiyoteleza, mfuniko mpya, halafu ndiyo tuzungumze. Breki nazo: tafuta diski za mbele za JZX, zile nene zenye nafasi ya hewa katikati, pamoja na kalipa zake.

Mbio za mita 402 huamuliwa zaidi kwenye mita ishirini za mwanzo. Gari lenye farasi 260 linalosugua tairi hapohapo lilipo litaachwa na lenye farasi 200 linaloshika chini. Shokapu za nyuma zisiwe ngumu kama mbao. Gari likiondoka liachwe likalie mgongo wake, uzito uende kwenye tairi zinazosukuma. Siku ya mashindano punguza upepo wa tairi za nyuma kidogo, labda kutoka 32 hadi 25, na ubebe pampu ya kurudishia kabla ya kushika njia. Difu ya kufunga, inayofanya tairi zote mbili za nyuma zisukume pamoja, ni bora kuliko kuongeza farasi thelathini. Usikubali fundi akuchomelee difu: mjini kila kona tairi zitalia, na ekseli utaibadilisha mapema.

Uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi, wengi huuogopa bure. Tairi yenye mzingo wa mita 2, kwa kilomita 100 kwa saa, huzunguka mara 833 kwa dakika. Kwa difu ya 4.3, gia ya moja kwa moja (injini na propela zikizunguka sawa) huzungusha injini kama 3,580; ya 3.9 huzungusha kama 3,250. Ukiwa gia ya juu yenye 0.75 unapata kama 2,690 na 2,440. Tofauti ya mizunguko 250 haikuzuii kufika Nzega, na 4.3 itakusaidia sana kuondoka. Kama giaboksi ni nzima, baki na otomatiki. Inaondoka vilevile kila mara, wakati mguu wako bado unajifunza.

Utegemee nini? Gari likiwa na wewe ndani, kilo 1,500 hivi, kwa sasa linakwenda kama sekunde 17 na nusu. Kwa 1JZ isiyoguswa na tairi zinazoshika, hesabu inasogea sekunde 14, pengine chini yake kidogo. Huko Marekani chama cha mbio hizi, NHRA, humtaka dereva avae helmeti gari likikimbia 13.99 au chini. Wewe vaa hata ukiwa na 16. Na kimbia mahali palipofungwa kwa kibali. Barabara ya Nzega ina ng'ombe, bodaboda na malori, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kushindana.

Baada ya kubadilisha injini, namba yake na ukubwa wake visomeke sawa kwenye kadi ya gari. Nenda TRA mapema, halafu uwaambie na bima.

Umeuliza pia, mwisho wa ujumbe wako, kama utoe saileansa. Usitoe. Turbo zenyewe zinapunguza kelele nyingi, na bomba pana la inchi 3 lenye saileansa moja nzuri halitakupunguzia nguvu ya kuonekana. Mama yako Nzega anataka kukusikia ukibisha hodi, si kukusikia ukiwa bado uko stendi.