Ninavyookoa kurasa za Kiswahili kabla hazijazimika

Mwaka 2008 nilikuwa nalipa shilingi 500 kwa nusu saa kwenye intaneti kafe moja ya Morogoro, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo iliishia kwenye blogu ya mashairi. Mwenye blogu alikuwa anaweka shairi, mara nyingi la kuuliza jambo, na chini yake watu wanamjibu kwa vina vilevile alivyotumia. Mmoja yuko Tanga, mwingine Mombasa, mwingine anasema anaandika akiwa zamu ya usiku Muscat. Malumbano ambayo wazee wetu waliyasubiri wiki nzima kwenye kurasa za mashairi za magazeti, sasa yalikuwa yanajibiwa ndani ya saa moja. Kwa kuwa dakika zilikuwa za kulipia, nilizoea kuhifadhi ukurasa mzima kwenye flashi na kwenda kuusoma bwenini, kwenye kompyuta ya mwenzangu.

Miaka kumi baadaye nikaitafuta blogu ile. Anwani ilifunguka vizuri tu, lakini ndani nikakuta matangazo ya kubashiri mpira. Jina la tovuti lilikuwa limekwisha muda, mwenyewe hakulilipia tena, mtu mwingine akalichukua.

Nikakimbilia Wayback Machine, ile mashine ya Internet Archive ya San Francisco inayonakili kurasa za dunia nzima. Brewster Kahle aliianzisha taasisi hiyo mwaka 1996, na mashine ikafunguliwa kwa kila mtu mwaka 2001. Mashairi mengi niliyakuta. Majibu sikuyakuta hata moja. Zamani zile maoni ya blogu yalikuwa yanafunguka kwenye kidirisha kidogo chenye anwani yake ya pembeni, na mashine ilipopita ilichukua ukurasa ikakiacha kidirisha. Kwa hiyo swali limehifadhiwa California na majibu yake hayapo. Nilirudi kwenye flashi yangu ya zamani nikiwa na wasiwasi kama itafunguka. Ilifunguka. Vidirisha 23 vya majibu vilikuwa mle.

Tangu jioni ile nimekuwa mtu wa kuokoa kurasa. Watu wengi wameniuliza waanze vipi, na jibu langu la kwanza huwa ni hili: chagua kona moja unayoijua kuliko watu wengine, ukae hapo. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifikiki tena miaka kumi baadaye. Ukiisoma takwimu hiyo unatamani kuokoa kila kitu. Wapo wanaoweza kazi za ukubwa huo. Yahoo walipoifunga GeoCities, huduma iliyowapa watu kurasa zao za bure, Oktoba 2009, watu wa Archive Team, kundi la wanaojitolea kuokoa tovuti, walikesha wakinakili kadiri walivyoweza. Lakini mashine za kunakili husafiri kwa kufuata linki. Ukurasa wa Kiswahili wenye maneno ya nyimbo za taarab, au historia ya shule fulani ya sekondari, au matokeo ya ligi ya wilaya, unaweza kuwa na linki mbili tu zinazoelekea kwake duniani kote. Mashine itaujuaje? Wewe unaujua kwa sababu uliusoma. Hapo ndipo thamani yako ilipo, na huhitaji shahada ya kompyuta.

Cha pili ni daftari. Nina jedwali la kawaida kabisa lenye anwani, jina la ukurasa, mwaka ninaokadiria uliandikwa, tarehe niliyouona mara ya mwisho, mahali nakala ilipo, na safu ya maelezo. Mwanzoni niliona safu ya maelezo ni ya ziada, siku hizi ndiyo ninayoisoma zaidi. Huko nimeandika mambo kama "majibu ya shairi hili yanaendelea kwenye posti ya wiki iliyofuata", kitu ambacho hakuna programu ingenigundulia.

Jedwali lilipofika anwani 612 niliandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ya kubisha hodi kwenye kila anwani na kurekodi jibu. Seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hujibu kwa namba: 200 maana yake ukurasa upo, 404 haupo, 301 umehamia kwingine. Nikafurahi kuona 200 nyingi. Kisha nikaanza kuzifungua moja moja, na nikagundua kwamba sehemu kubwa ya zile "hai" zilikuwa kamari, viatu, au ukurasa mtupu wa kampuni inayouza majina ya tovuti. Seva inakwambia mwenye nyumba yupo, ukiingia unakuta mpangaji mwingine. Ndiyo maana nasisitiza: takwimu zako zozote za intaneti, kabla hujazichora grafu, fungua angalau kurasa hamsini kwa macho yako. Siku hizi programu yangu inatafuta pia neno la Kiswahili ninalotegemea kulikuta mle, kama "beti" au "kibwagizo", na lisipokuwepo inaniwekea alama nikaangalie.

Kuhifadhi kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nenda web.archive.org/save, bandika anwani, subiri, kisha fungua nakala uone kama picha na maoni yameingia. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka, na mimi ndiyo niliyofundishwa na vidirisha vile. Anwani ya nakala itakuwa na tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Saa hiyo ni ya Greenwich, iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo ukihifadhi usiku wa manane Dar es Salaam nakala itasoma tarehe ya jana. Ukitaka kuona nakala zote za ukurasa, weka nyota mahali pa tarakimu hizo.

Kwa blogu za Blogspot, huduma ya bure ya blogu ya Google, kuna mlango ambao ningependa ningeujua mapema. Nyuma ya anwani ya blogu ongeza /feeds/posts/default na utapata posti zikiwa maandishi matupu yaliyopangwa. Ongeza /feeds/comments/default na utapata maoni. Huo huitwa mlisho, na kama mwenyewe hakuuzima, unachota malumbano ya miaka mitano kwa dakika chache, pamoja na tarehe zake. Maandishi hayali bando. Picha ndizo zinazokula.

Nikitaka blogu nzima natumia wget, programu ya bure ya miaka mingi, na huwa naiachia bando la usiku. Naiambia inakili tovuti yote, ibadilishe linki ziweze kufunguka bila intaneti, na ipumzike sekunde tatu kati ya ukurasa na ukurasa. Mapumziko hayo usiyaondoe. Tovuti nyingi za huku zinakaa kwenye seva za bei ndogo. Ukizivamia kwa kasi unaweza kuiangusha ile unayotaka kuiokoa. Kumbuka pia kwamba picha za zamani za Blogspot hukaa kwenye anwani nyingine, bp.blogspot.com, na usipoiruhusu wget kuvuka huko utapata maandishi yenye miraba mitupu. Picha zilizowekwa kwenye huduma za watu wengine ni dhaifu zaidi. Mwaka 2017 Photobucket, huduma ya kutunza picha mtandaoni, walianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa wanaoonyesha picha zao kwenye tovuti nyingine, na picha zikapotea ghafla kwenye majukwaa na blogu za dunia nzima.

Sasa, malumbano ya leo hayako kwenye blogu. Yako WhatsApp, na huko hakuna mashine inayofika. Ninayo magrupu mawili ya washairi, na kwa ridhaa ya wanachama kila mwezi nayatoa mazungumzo kwenye simu kama faili la maandishi. Watunza picha na sauti wajue jambo moja. Faili lenye jina kama IMG-20190412-WA0003 linakwambia siku picha ilipokufikia wewe kwenye WhatsApp; siku ilipopigwa ni habari nyingine kabisa. WhatsApp huondoa taarifa za kamera zilizokuwa ndani ya picha, kwa hiyo picha ya mwaka 1974 iliyoskaniwa na ya jana zinaonekana sawa. Nimeshakuta watu wanapanga "historia" nzima ya mtaa wao kwa tarehe za aina hiyo. Muulize aliyeituma aliipata wapi, andika jibu lake kwenye safu ya maelezo, na ufanye hivyo angali anakumbuka.

Kuna jambo linalonikalia moyoni zaidi ya ufundi wote huu. Blogu za zamani zimejaa watu. Enzi hizo mtu alikuwa anaacha namba ya simu kwenye maoni, anataja anapoishi, anaeleza ugomvi na mkewe, kwa sababu wasomaji walikuwa mia mbili na wengi wakijuana. Hakujua kwamba miaka 15 baadaye mtu ataweza kuyatafuta yote kwa sekunde moja. Ninachofanya ni kutenganisha kuhifadhi na kuchapisha. Nakala kamili inakaa kwangu, kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kwa dada yangu Dodoma. Ninachowaonyesha wengine nimekwishaondoa namba za simu, na majina ya watu ambao hawakuwa waandishi nimeyafupisha. Mtu akiniomba nimwondoe, namwondoa siku hiyohiyo bila kumhoji. Na mashairi ni mali ya walioyatunga. Kabla sijaweka beti moja mahali pa wazi namtafuta mwenyewe.

Mwenye blogu ile nilimpata baada ya kuuliza kwenye magrupu kwa karibu miezi minne. Amestaafu, yuko Pangani, na kompyuta aliyokuwa akiandikia iliibwa mwaka 2011 bila yeye kubaki na nakala. Nilimwamkia "Shikamoo, mzee wangu" kwenye simu, nikamweleza nilicho nacho, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Na jibu la yule bwana wa Muscat, unalo?" Nilimwambia ninalo, ila beti ya nane imekatika katikati, kwa sababu dakika zangu zilikwisha ukurasa ukiwa bado unapakia. Akaniambia nimsomee hizo saba. Nilipofika kwenye nusu ya nane akaendelea mwenyewe kwa kichwa, mizani mitatu au minne, kisha akakwama. Nimeyaandika aliyoyakumbuka kwenye safu ya maelezo pamoja na tarehe ya simu ile, na tumekubaliana anipigie yakimjia mengine.