Maswali ya Bustani: Ukungu wa Miwaridi Si Mmoja

Tangu mvua za Novemba zianze, majani ya chini ya miwaridi yangu yanatoka madoa meusi, yanageuka manjano na kudondoka. Matawi yamebaki kama fimbo. Siku zisizo na mvua namwagilia jioni nikitoka kazini. Ning'oe nipande upya?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Usiing'oe, ndugu yetu. Okota jani moja lililodondoka, uliinue kwenye mwanga. Ukingo wa doa hauko laini. Umechanikachanika, kama wino uliodondokea kitambaa, na pembeni yake pana manjano. Huo ni ugonjwa wa madoa meusi. Kuvu wake hawezi kuingia kwenye jani kavu. Mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa 7 mfululizo. Sasa piga hesabu. Ukirusha maji ya mpira juu ya majani saa 12 jioni, yatakauka jua likishapanda, saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 14. Mvua hatuwezi kuizuia, lakini usiku huo wa ziada unautoa wewe mwenyewe. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, jani lisiguswe.

Kisha safisha chini. Okota majani yote, hata yaliyoanza kuoza, uyachome au uyafukie mbali. Shimo la mboji la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua ugonjwa huu. Vitawi vyenye mabaka ya zambarau vikate, maana kuvu hujificha humo akingojea mvua nyingine. Kata milimita 5 juu ya jicho (mahali tawi linapochipua) linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki wazi na upepo upite. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mwaridi mwingine. Mwisho tandaza pumba za mpunga au nyasi kavu, unene wa sentimita 5, bila kugusa shina. Matone ya mvua ndiyo yanayorusha mbegu za ugonjwa kutoka ardhini hadi kwenye majani, ndiyo sababu majani ya chini huugua kwanza.

Dawa ni mankozebu, dawa ya dukani ya kuzuia kuvu, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita moja ya maji. Kibandiko cha pakiti kikisema vinginevyo, fuata kibandiko. Hapa wengi hukata tamaa bure. Wanapuliza, wanatazama majani yale yale yenye madoa, wanasema dawa ni feki. Mankozebu haiponyi doa lililokwisha kutoka. Inalinda jani jipya. Tazama machipukizi. Puliza asubuhi pasipo upepo, uvungu wa jani usisahaulike, na urudie kila siku 7 hadi 10 mvua zikiendelea. Vaa glavu na barakoa. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu usiliguse kabisa.

Shikamooni. Miwaridi yangu iko kando ya ukuta, nimeilisha mbolea ya kuku kwa wingi. Tangu Juni machipukizi yamejikunja na kupakwa unga mweupe, vichomozo vya maua havifunguki. Nimepuliza mankozebu mara tatu, hakuna kitu.
*Binti wa Ujiji, Kigoma*

Marahaba, binti. Pitisha kidole juu ya jani: unga ukifutika, huo ni ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa kuvu, na mankozebu haina nguvu kubwa kwake. Tabia yake ni kinyume cha madoa meusi. Hahitaji jani lililolowa. Anapenda hewa yenye unyevu usiku, mchana mkavu, na mahali upepo usipofika, kama hapo ukutani kwako. Mbolea ya kuku nayo imekuchipushia majani mororo, chakula anachokipenda. Isimamishe kwa sasa.

Kata ncha zilizojikunja. Changanya kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo katika lita 1 ya maji, upulize mara moja kwa wiki, jua likiwa bado pole. Jaribu kwanza kwenye tawi moja, usubiri siku mbili. Magadi ya kupikia maharage si mbadala: ni makali zaidi na yanaweza kuunguza majani. Usiendelee miezi na miezi, kwa sababu chumvi hujikusanya udongoni. Ugonjwa ukikaidi, tumia salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha pakiti, ila si siku ambayo joto litapita nyuzi 30, maana itachoma majani. Mche utakaoongeza uweke mbali na ukuta, na mita moja kati yake na mwenzake.

Ukipuliza dawa yoyote ya dukani, mawaridi hayo yasiingie kwenye chai wala maji ya waridi.

Huku kwetu tumbaku haikosi. Maji yaliyolowekwa tumbaku yanafaa kwa ukungu wa mawaridi?
*Msomaji, Urambo*

Hayafai. Nikotini huua wadudu, kuvu haimgusi, na sumu yake hupenya kwenye ngozi ya mpulizaji. Kuna jambo jingine: tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya, na nyumba nyingi zina tuta la nyanya hatua chache tu kutoka kwenye maua.