Majina yamepotea kwenye barua pepe: majibu ya fundi

Tangu mvua na radi zianze, maswali mengi yanayonifikia hapa Dodoma yanahusu jambo moja: kompyuta imezimika ghafla, programu ya barua pepe imefunguka upya, na majina ya watu hayapo. Nimechukua machache. Kabla hujasoma jibu lolote, funga programu yako ya barua pepe, usiifungue tena, kisha nakili folda yake nzima kwenye flashi au diski nyingine. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilianza kurekebisha faili la mteja ambalo halikuwa na nakala. Zana niliyotumia ilikata kila ilichoshindwa kukisoma, na yule mama, muuza mafuta ya alizeti, akaondoka na nusu tu ya wateja wake. Nusu ile nyingine sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo siligusi faili la mtu kabla sijalinakili.

Habari za kazi, fundi. Nanunua zabibu huku Hombolo na kuzisafirisha Dar es Salaam na Arusha. Natumia Thunderbird. Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, programu ikanitaka niweke anwani yangu na neno la siri kana kwamba ndiyo kwanza naanza. Nikaweka, barua zote zikarudi, lakini kitabu cha anwani ni kitupu. Kilikuwa na wanunuzi zaidi ya mia mbili. — Mnunuzi wa zabibu, Hombolo

Pole sana ndugu yangu, ila maelezo yako yananipa matumaini. Barua zimerudi kwa sababu zinakaa kwa anayekupa huduma ya barua pepe. Kompyuta imezivuta tu upya. Kitabu cha anwani cha Thunderbird kwa kawaida hakikai huko. Kinakaa ndani ya mashine yako, kwenye folda moja pamoja na mipangilio yako yote. Programu kukuuliza anwani na neno la siri kama mgeni maana yake ni kwamba imeshindwa kuifungua folda ya zamani, ikajitengenezea mpya. Ile ya zamani mara nyingi bado ipo pale pale, imeachwa tu.

Funga Thunderbird. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, kisha bonyeza Enter. Utaona folda mbili au zaidi zenye majina ya ajabu: herufi na tarakimu nane zilizochanganywa, kisha nukta na neno default au default-release. Angalia tarehe na ukubwa. Ile yenye mafaili yaliyoishia siku ya tukio ndiyo yenye wanunuzi wako. Zinakili zote kwenye flashi.

Ndani ya folda ya zamani tafuta faili linaloitwa abook.sqlite. Hicho ndicho kitabu cha anwani kwa Thunderbird kuanzia toleo la 78, lililotoka mwaka 2020. Kama programu yako ni ya zamani kuliko hapo, faili litaitwa abook.mab. Ukiona jirani yake faili lenye jina lilelile lakini linaishia na -wal au -journal, usilifute wala usiliache nyuma unaponakili. Umeme unapokatika, mara nyingi yale uliyoandika mwishoni yanakuwa kwenye lile la -wal, bado hayajahamishiwa kwenye faili kubwa; lile la -journal lina kurasa za awali zinazohitajika kulirudisha faili kubwa katika hali nzuri. Watu wengi huyaona kama takataka na kuyafuta, wakafuta na wateja wao.

Sasa fungua Thunderbird, nenda kwenye sehemu ya kuingiza vitabu vya anwani, na uielekeze kwenye lile faili la zamani. Matoleo ya miaka hii yanasoma aina zote mbili, sqlite na mab. Majina yakitokea, umemaliza. Yasipotokea, au ukiambiwa faili limeharibika, bado kuna hatua tatu.

Ya kwanza: katika folda hiyohiyo kuna faili jingine, history.sqlite. Humo Thunderbird huhifadhi yenyewe anwani za watu uliowahi kuwaandikia, hata kama hukuwahi kuwasajili. Halitakuwa na namba za simu, lakini kwa mfanyabiashara anwani peke yake ni mwanzo mzuri.

Ya pili inahitaji mtu asiyeogopa kuandika amri. Mpe nakala, si faili lenyewe, pamoja na programu ndogo ya bure inayoitwa sqlite3. Aandike hivi:

sqlite3 abook.sqlite ".recover" | sqlite3 kipya.sqlite

Amri hiyo inapita faili kurasa kwa kurasa, inaokota kila safu inayosomeka na kuiweka kwenye faili jipya. Iliingizwa kwenye sqlite toleo la 3.29 la mwaka 2019, kwa hiyo nakala ya zamani ya programu hiyo haitaielewa. Nimeona ikirudisha majina karibu yote, na nimeona ikirudisha kumi tu. Inategemea uharibifu uliangukia wapi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kitabu cha anwani hata kidogo. Kila barua uliyotuma ina anwani ya uliyemtumia. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi barua za kila folda katika faili moja la maandishi ya kawaida lisilo na kiambishi (yaani nukta na herufi za mwisho wa jina, kama .txt), kwa mfano Sent. (Lenye .msf ni faharasa tu; likiharibika unaweza kulifuta, programu italitengeneza upya.) Nakili lile faili la Sent mahali pengine, fungua dirisha la amri (Command Prompt) hapo, uandike:

findstr /B /I "To: Cc:" Sent > anwani.txt

Utapata orodha ndefu yenye marudio mengi. Ifungue kwenye Excel, ondoa yanayojirudia, na hapo utawaona wanunuzi wako mmoja baada ya mwingine. Kazi ya mchana mmoja. Kama barua zako haziko kwenye mashine ila kwa mtoa huduma tu, iambie kwanza Thunderbird ihifadhi folda ya zilizotumwa kwenye kompyuta, isubiri imalize kuvuta, kisha ndipo unakili.

Fundi, mimi ni karani wa ghala la mahindi Kibaigwa. Faili langu la Outlook huwa naliweka kwenye flashi ili niende nalo nyumbani. Jana niliichomoa flashi haraka, na sasa Outlook inasema faili la .pst haliwezi kufunguliwa. Nimejaribu kulinakili kwenye flashi nyingine, inakataa, inadai hakuna nafasi wakati nafasi ipo tele. — Karani, Kibaigwa

Dada au kaka, tuanze na flashi inayokataa. Flashi nyingi zinazouzwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi yenyewe iwe ya GB 64. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta, au fomati hiyo flashi mpya tupu kwa exFAT kisha ujaribu tena.

Ukishapata nakala, tafuta programu inayoitwa scanpst.exe. Inakuja pamoja na Outlook yenyewe, huhitaji kununua chochote mtandaoni. Kwa Office za kuanzia 2016, mara nyingi iko ndani ya C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16. Ifungue, ielekeze kwenye nakala iliyo kwenye diski ya ndani, na uiache ifanye kazi hata ikichukua saa mbili. Ikimaliza, irudie. Mara ya pili na ya tatu mara nyingi inakuta makosa ambayo mara ya kwanza haikuyaona. Majina yasipoonekana mahali pake ukifungua Outlook, yatafute kwenye folda zilizookolewa ambazo programu hiyo huziongeza chini ya orodha, zenye maneno Recovered au Lost.

Kama faili lako lilianza zamani sana, enzi za Outlook 2002 au kabla, lina kikomo cha GB 2. Likikifikia linaweza kuharibika lenyewe bila mtu kuchomoa chochote. Mafaili ya muundo mpya yalianza na Outlook 2003.

Na tafadhali, flashi iwe ya kubebea nakala tu. Outlook huandika ndani ya .pst muda wote inapokuwa wazi, hata usipobonyeza kitu. Kuliendesha kutoka kwenye flashi ni kutafuta siku kama ya jana.

Ofisi yetu Manyoni ina kompyuta ya Windows XP ambayo haiwaki tena. Ndani yake kulikuwa na Outlook Express yenye anwani za wafadhili wa mradi wa visima. Kuna njia? — Mratibu wa mradi, Manyoni

Ipo, mradi diski iwe hai. Fundi aitoe na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Mwambie mapema kwamba mashine ya umri huo inaweza kuwa na diski ya IDE, ile yenye pini nyingi, asije na adapta ya SATA peke yake. Kisha atafute mafaili yanayoishia na .wab ndani ya Documents and Settings, kwenye folda ya Application Data, chini ya Microsoft, Address Book. Faili huwa na jina la aliyekuwa akitumia kompyuta. Pembeni yake huenda akakuta jingine lenye .wa~, ambalo ni nakala ambayo mfumo wenyewe uliiweka. La kwanza likigoma, abadilishe kiambishi cha la pili kiwe .wab, ajaribu. Barua zenyewe ziko kwenye mafaili ya .dbx, nayo ayachukue.

Nilifanikiwa kutoa majina kwenye faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) na kulifungua kwenye Excel. Sasa namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo, nyingine zimekuwa 2.55E+11, na jina la kata yetu, Ng’hong’onha, limejaa alama kama â€™. Faili limeharibika tena? — Mwalimu, Dodoma Mjini

Hapana mwalimu, faili liko salama, Excel ndiyo imelisoma vibaya. Lakini usilihifadhi! Ukihifadhi CSV wakati namba zinaonekana kama 2.55E+11, kinachoandikwa kwenye faili ni hicho kinachoonekana, na tarakimu nyingine zinapotea kweli. Funga bila kuhifadhi.

Fungua karatasi tupu ya Excel, nenda menyu ya Data, ingiza faili la CSV kutoka hapo badala ya kulibofya mara mbili. Utaulizwa usimbaji, yaani namna herufi zilivyoandikwa ndani ya faili: chagua UTF-8, na Ng’hong’onha itarudi ilivyo, maana zile alama ni ile alama ndogo ya juu tu ya ng’ iliyosomwa kwa usimbaji wa zamani. Kisha ipe safu ya simu aina ya Text. Sifuri zitabaki.

Kama ulishahifadhi na sifuri zimekwenda, usikate tamaa. Namba za simu za Tanzania zina tarakimu tisa baada ya sifuri, kwa hiyo kila yenye tarakimu tisa unaijua ilipungukiwa nini. Kama namba ya kwanza iko kwenye kisanduku B2, kwenye safu mpya andika ="+255"&B2, ishushe hadi chini, na namba zako zitakuwa bora kuliko zilivyokuwa, kwa sababu zitapigika hata na mtu aliye nje ya nchi. Zile za 2.55E+11 ambazo zilihifadhiwa hivyo, hizo itabidi uzitafute upya.

Nimefuta kwa bahati mbaya majina yote ya Gmail kwenye simu. Wiki mbili zimepita. — Msomaji, Area C

Una wiki mbili nyingine. Ingia contacts.google.com kwa kompyuta, angalia kwanza kwenye pipa la taka. Yasipokuwepo, nenda kwenye mipangilio na uchague kurudisha mabadiliko hadi tarehe ya kabla ya kufuta. Mwisho ni siku 30. Ukumbuke kwamba majina uliyoongeza baada ya tarehe hiyo yataondoka, kwa hiyo yatoe kwanza kwenye faili, kisha uyaingize tena.

Fundi wa mtaani kwetu anasema njia pekee ni apige Windows upya, na nimwachie laptopu hadi kesho. Ina anwani za wagonjwa wa zahanati yetu. Nikubali? — Muuguzi, Kondoa

Usikubali, dada yangu. Kupiga Windows upya kunafanya kompyuta iwake vizuri. Hakurudishi jina hata moja, na kunaweza kuandika juu ya yale uliyokuwa ukiyatafuta. Kama laptopu yako ina SSD, yaani diski isiyozunguka, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa diski hizo hufuta zenyewe nafasi iliyoachwa, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, programu ya bure ya PhotoRec bado inaweza kuokota mafaili ya sqlite na pst hata baada ya kufomatiwa, ilimradi unachookoa ukihifadhie kwenye diski nyingine.

Hilo la wagonjwa linanisumbua kuliko la diski. Taarifa za afya za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayebeba dhamana ni zahanati, hata kama aliyezivujisha ni fundi. Kaa naye afanye kazi ukiona, au mpe nakala ya folda ya barua pepe iliyofungwa kwa neno la siri, mbaki na mashine yenu. Kama ameshaichukua, mpigie leo hii umwambie asiiwashe.